Krismasi Tuliyokatazwa Kupakua

Nchi yetu msiitafute kwenye ramani, mtajichosha macho bure. Ipo. Ina bendera, ina wimbo, ina foleni za kutosha, na ina Mtukufu Mlezi, ambaye hatulali bila kumwombea wala hatuamki bila kumsikia redioni. Mimi ni mjumbe wa nyumba kumi, Mtaa wa Kisima Kikavu. Nina muhuri, nina daftari, nina kiti cha plastiki ambacho hakuna mwingine anayeruhusiwa kukikalia. Haya ninayoeleza sielezi kwa kulalamika. Walalamikaji wapo na wanajulikana, maana majina yao niliyapeleka mimi mwenyewe. Naeleza tu ili ijulikane kwamba serikali ilikuwa sahihi tangu mwanzo, na mimi sikukosea popote.

Katika nyumba zangu kumi, nyumba ya saba ni ya Mama Desderi. Jina lake la ubatizo ni Leokadia, lakini kwetu mwanamke akishazaa jina lake linakwenda likizo ya moja kwa moja. Ni mjane, anapika kantini ya shule, na pilau lake la Krismasi, jamani, acheni. Vitunguu anavikaanga taratibu mpaka viwe rangi ya mkate wa kuungua, bizari anaitwanga mwenyewe, mchele ukishakauka anapalia makaa juu ya mfuniko na kumfukuza kila mtu jikoni. Kila mwaka alikuwa ananiletea sahani kubwa iliyofunikwa kawa kabla sijavua shati la kanisani. Kwa pilau lile ningeweza kumsamehe mtu makosa mengi sana, ila ya kisiasa hapana.

Na kosa lilikuwa la kisiasa. Mwanawe wa pekee, Desderi, fundi simu, mwezi wa saba alikutwa na picha ya Mtukufu akiwa amesinzia kikaoni. Mtukufu hasinzii. Kwa hiyo picha ilikuwa ya uongo, na Desderi akapewa miezi minane katika Gereza la Chumvini, huko mbali ambako hata basi linafika siku likijisikia. Tangu hapo mama yake hakuwa amemwona.

Lakini serikali yetu ina huruma, watu hawaisemi tu. Mwanzoni mwa Disemba ikaja barua yenye muhuri mkubwa kuliko wangu. Ilisema kwamba kwa huruma ya Mtukufu Mlezi, mfungwa Desderi angehamishiwa gereza la mjini kwetu tarehe ishirini na nne, na siku ya Krismasi jamaa mmoja angeruhusiwa kumwona kwa dakika kumi, kwa sharti la kumletea sahani moja ya chakula cha sikukuu. Asiye na sahani hataingia.

Mama Desderi alinisomea barua hiyo amesimama, halafu akanipa mimi nimsomee yeye, kama vile maneno yangeweza kubadilika kwa kuhama mdomo.

"Dakika kumi, Baba Koku," akasema. "Zinanitosha. Yeye atakula, mimi nitamwangalia."

*

Sasa nieleze marufuku ilivyozaliwa. Haya nilisimuliwa na binamu yangu anayefagia ofisi ya Waziri wa Habari, Hewa na Minong'ono. Msimdharau mfagiaji, ndiye mtu pekee anayeingia ofisi zote.

Mwaka ule Mtukufu alikuwa ameliomba taifa lisherehekee Krismasi ya Staha: kuku mmoja kwa nyumba tatu, soda moja kwa watoto wanne, na kitunguu kitumike kwa kiasi. Tukakubali. Ghafla, kama wiki moja kabla ya sikukuu, ikaanza kuzunguka video iliyopigwa jikoni Ikulu. Mbuzi wazima thelathini wamelala kwenye meza, bata mzinga walioletwa kwa ndege, na keki ya ghorofa saba yenye sura ya Mtukufu juu, mpishi akipaka sukari kwenye masharubu. Video hiyo haikuwepo. Nimeiona mara mbili na naweza kuapa kwamba haikuwepo.

Vijana wa simu, wao kitu kikiwa huko hewani na wakakivuta kikaingia kwenye simu zao, husema wamekipakua. Basi Waziri akaandika amri fupi: "Ni marufuku kupakua video ya karamu ya Ikulu." Akampelekea Mtukufu.

Mtukufu akaisoma. "Karamu gani?" akauliza.

Waziri akafuta "karamu ya Ikulu".

Mtukufu akasoma tena. "Video gani?"

Waziri akafuta "video". Mtukufu akatia sahihi, akasema hiyo sasa ndiyo sheria, imenyooka, haina porojo.

Ndipo saa mbili asubuhi ya tarehe ishirini na nne, sisi wote tukiwa tunachambua mchele, redio ikatangaza: "Kuanzia leo saa sita mchana hadi saa sita mchana tarehe ishirini na saba Disemba, ni marufuku kwa mtu yeyote, popote alipo, kupakua. Atakayepakua atachukuliwa hatua kali."

Mke wangu, Mama Koku, alikuwa ameshika sinia. Akaliweka chini polepole.

"Baba Koku, pilau litaingiaje kwenye sahani?"

"Halitaingia."

"Kwenye sufuria litatokaje?"

"Halitatoka."

"Sasa tunapika la nini?"

"Kupika hakujakatazwa," nikamwambia. "Sikiliza vizuri, mama. Waliosema ni watu wazima."

Aliniangalia. Miaka ishirini na sita ya ndoa, nayajua macho yake, na yale hayakuwa mazuri.

*

Msidhani sikufikiri. Nilifikiri. Lakini mjumbe akianza kufikiri sana, nyumba kumi zinakuwa tisa. Nilichukua gunia nikapita mlango kwa mlango kukusanya miiko, pawa na vijiko vikubwa vyote, nikawapa watu stakabadhi. Nyumba ya kwanza wakanitukana. Ya pili wakacheka mpaka nikakasirika kweli. Ya tatu kulikuwa na bwana mmoja mjuaji, akaniambia, "Mjumbe, hivi hamwoni kwamba wamemaanisha simu?"

"Wametaja simu?"

"Hawajataja."

"Basi wewe unataka kuitajia serikali ilichokusudia kutotaja?"

Akanipa mwiko.

Naambiwa huko juu Waziri alipopigiwa simu saa nane na kuelezwa kwamba nchi nzima haipakui chakula, alicheka sana, akaomba maji, akasema marekebisho yatoke mara moja. Lakini ilikuwa imechelewa. Mtukufu alikuwa ameshapita mitaani na msafara wake, vioo vya gari vikiwa vimeteremshwa kidogo, ameona watoto wamekaa mkekani mbele ya sufuria zilizofunikwa, kimya, wanameza mate. Machozi yalimtoka. "Watu wangu wananitii hadi tumboni," akasema. Sasa niambieni, ni nani wa kumwendea mtu analia kwa furaha akamwambia limekosewa neno? Waziri akayameza maji yake, akaenda redioni na kaulimbiu mpya: Kupika ruksa! Kunusa ruksa! Kupakua marufuku!

Na wale wa simu? Walijua kupakua ni shughuli ya jikoni, wakaendelea kuivuta ile video mpaka mitambo ikapata joto. Haikuwepo, lakini iliwafikia wote.

Jioni ile akaletwa redioni mtaalamu wa lugha kutuliza wananchi. Alieleza kwa sauti laini kwamba kupakua kuna masharti matatu: chombo cha juu, chombo cha chini, na nia. Chapati haipakuliwi, huchukuliwa. Chai haipakuliwi, humiminwa. Na mtu anayetia mkono ndani ya sufuria na kupeleka mdomoni hajapakua, amekula tu. Mungu ambariki. Kuanzia hapo nyumba zikaamua: wengine wakazidisha maji kwenye pilau ili limiminike, wengine wakakaa kuizunguka sufuria na kuingiza mikono. Mkwe mtu mzima, amevaa suti, kichwa kimekaribiana na cha mama mkwe juu ya sufuria moja, wote wawili wamefumba macho kwa aibu! Mabinti waliokuwa na wachumba walikataa kula kabisa, wakikumbuka kwamba anayekula sufuriani mvua humnyeshea siku ya harusi.

Lakini Mama Desderi hiyo haikumsaidia. Sufuria si sahani, na barua ilisema sahani.

*

Alikuwa amekuja kwangu mapema mchana, kabla ya huyo mtaalamu. Hakupiga kelele, na mimi ningependa angepiga kelele.

"Mjumbe," akasema, na aliponiita Mjumbe nikajua mambo yamekuwa ya kiofisi. "Nisaidie kupata kibali cha sahani moja. Moja tu."

Tukaenda wilayani. Kulikuwa tayari na Dawati la Dharura za Mlo, na nyuma yake bwana mdogo mwenye tai, mpole, na njaa imemkaa usoni.

"Kibali cha kupakua kipo," akasema. "Unajaza fomu, unaambatanisha sampuli."

"Sampuli ya nini, mwanangu?" akauliza Mama Desderi.

"Ya chakula kilichopakuliwa. Kamati lazima ione unaombea nini."

"Nikipakua kabla ya kibali?"

"Utakamatwa, mama."

"Nisipopakua?"

"Ombi lako halijakamilika."

Mama Desderi akaikunja barua yake. Halafu akamwambia, kwa upole kabisa, "Baba, una mama?"

Yule bwana mdogo akatazama huku na huku. Akainamia meza, akanong'ona. "Peleka sufuria nzima nzima. Sufuria ikitembea haijapakuliwa. Sahani nayo uibebe tupu pembeni. Ukifika, Mungu mkubwa." Halafu akanyanyua sauti kwa ajili ya waliokuwa nyuma: "Ombi limekataliwa! Anayefuata!"

Mimi nikaandika daftarini kwamba nitamsindikiza, kuhakikisha hakuna punje inayotoka njiani. Hiyo ilikuwa ndiyo kazi yangu. Msianze kuniangalia hivyo.

*

Krismasi ilianguka kwenye jua kali ajabu. Misa ya kwanza ilikuwa fupi, padri mwenyewe alihubiri akiangalia saa. Saa nne Mama Desderi akawa ameshapika. Alipofunua mfuniko ili nikague, ule mvuke wa iliki na mdalasini ulinipiga nikasahau cheo changu. Nyama ya kutosha, viazi vimekuwa vyekundu, mchele umesimama mmoja mmoja.

"Umetia nyama nyingi kuliko Krismasi ya Staha inavyotaka," nikamwambia.

"Andika," akasema.

Sikuandika. Naomba hilo likumbukwe.

Akajifunga kanga, akaweka ngata kichwani, akajitwisha sufuria. Sahani tupu akanipa mimi. Tulitembea mwendo wa saa moja na zaidi. Njia nzima harufu ilikuwa inatutangulia, watu wanatoka milangoni na mikono yenye mafuta hadi kwenye kiwiko, wanatusalimu. Yeye alikuwa anaongea tu, mwanamke ambaye kwa kawaida haongei. Kwamba Desderi hapendi karafuu ikimwingia mdomoni, kwa hiyo amezitoa zote kwa mkono, moja moja. Kwamba atamkuta amekonda lakini hatalia mbele yake. Kwamba dakika kumi ukizitumia vizuri ni nyingi.

Getini tukamkuta Afande Mponzi, mkuu wa zamu, mtu mnene mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Akasoma barua, akaitazama sufuria, akaitazama sahani niliyoishika.

"Hii ni tupu," akasema.

"Chakula kiko hapa, Afande," akasema Mama Desderi. "Kitoe mwenyewe uweke. Sahani ileile, pilau lileile."

"Mimi? Nipakue? Mama, mimi nina watoto."

"Basi mlete yeye kwenye sufuria. Ale hapahapa kwa mkono wake. Redio imesema inafaa."

Afande akajikuna shingo. Akaisoma barua tena. Ndipo tukasikia. Ngo. Ngo, ngo. Kitu kinagonga chuma, bila nguvu, kutoka upande wa pili wa ua.

Kulikuwa na lori limesimama pale juani. Lile la wafungwa, la bati tupu, lenye matundu madogo juu na mlango wa nyuma uliofungwa kwa komeo.

"Ni nini kile?" akauliza Mama Desderi.

"Ni msafara wa Chumvini," akasema Afande. "Lilipata pancha njiani. Lilitakiwa lifike jana saa nne, likafika saa saba na nusu."

"Na watu?"

Afande akatazama viatu vyake. "Marufuku ilianza saa sita."

Sikuelewa upesi, naungama. Mama Desderi alielewa kabla yangu. Alishusha sufuria chini taratibu, hakumwaga hata punje.

"Wamo ndani tangu jana mchana," akasema.

"Mama, lori likifika linapakuliwa. Sasa kupakua kumekatazwa mpaka tarehe ishirini na saba. Nimepiga simu makao makuu, wakaniuliza kama naijua sheria. Nikasema naijua. Wakakata." Akaonyesha juu ya lori. "Maji tumewapitishia kwenye matundu kwa mrija. Kupakia hakujakatazwa. Hata leo asubuhi tumepakia walevi wawili."

"Afande," akasema Mama Desderi. "Unaongea Kiswahili wewe? Mzigo ndio unapakuliwa. Mtu anashuka."

"Najua, mama."

"Basi washuke!"

"Hawawezi kushuka." Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nyingi, imeloa jasho. "Fomu za kusafirishia watu ziliisha mwezi wa tisa. Wametumia za mizigo. Ona. Shehena, kumi na nne. Kwenye hati hawa si abiria."

Ngo, ngo.

"Shehena inagonga mlango?" akauliza Mama Desderi.

Mkono wa Afande ulikuwa kwenye funguo, unaziminya. Akanigeukia mimi. "Mjumbe, wewe ni mtu wa serikali. Amri unayo?"

Ninayo daima. Nikaitoa, nikaisoma yote kwa sauti, pamoja na tarehe. "Mlango haukutajwa," nikasema. "Kufungua mlango si kupakua." Huo ndio ulikuwa mchango wangu, na nausema kwa sababu baadaye ulisahaulika.

Afande akakimbia. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mnene anakimbia vile. Komeo likalia, mlango ukafunguka, na joto lililotoka mle lilinifanya nirudi nyuma hatua mbili.

Wakashuka. Hakuna aliyewagusa, walishuka wenyewe, wengine kwa makalio, wengine kwa magoti, wakaenda moja kwa moja kwenye bomba la maji, wakalala chini yake. Mmoja alipita karibu na sufuria, akanusa, akaanza kulia kama mtoto. Mama Desderi alikuwa anamwangalia kila mmoja usoni, anamwacha, anamwangalia anayefuata. Walishuka kumi na watano, pamoja na wale walevi wawili.

"Desderi!" akaita. "Desderi, shuka baba. Mama nimekuja."

Kutoka ndani gizani ikaja sauti kavu sana. "Mama. Miguu haipo."

Miguu ilikuwepo, ila haikumsikiliza tena. Tuliiona, imenyooka kwenye bati.

Afande akavua kofia. Alisema kwa sauti ya chini, na sidhani alikuwa mtu mbaya. "Mama, huyo hawezi kushuka. Huyo mpaka apakuliwe."

"Lini?"

"Tarehe ishirini na saba. Saa sita."

Mama Desderi alikaza kanga kiunoni, akapanda lori. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mwenye magoti mabovu, akajivuta kwa mikono akaingia. Tukasikia anamwongelesha, maneno ya kumbembeleza mtoto mchanga. Halafu akatokea mlangoni, amemshika mwanawe kwapani, anamburuta kinyumenyume, na kichwa cha kijana kimeegemea kifua chake.

"Baba Koku!" akaniita. Si Mjumbe. "Baba Koku, mshike miguu!"

Mimi nilikuwa nimeshika sahani.

Nilikuwa nimeishika kwa mikono yote miwili. Ilikuwa sahani yake nzuri ya kauri, ingeweza kuvunjika. Niliwaza kwamba anayeshika miguu ameshiriki kupakua, na mjumbe akishiriki kuvunja amri anayoitembeza mfukoni, huyo ni mjumbe wa namna gani? Niliogopa, nasema wazi. Wafungwa walikuwa wamelala majini, Afande amesimama na kofia mkononi, na mimi nimeshika sahani. Alimshusha peke yake. Walianguka wote wawili chini, yeye chini, kijana juu.

Alipoweza kukaa, alimlaza mwanawe mapajani, akamnywesha maji kwa kiganja. Baadaye akachovya vidole kwenye sufuria, akachukua punje chache, akazisaga kwa vidole, akamwekea mdomoni. Desderi alizishika ulimini, hakuweza kuzimeza. Dakika kumi zilikwisha hivyo, na nyingine nyingi, mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Afande Mponzi akaandika ripoti yake. Asingeandika, angeandikwa yeye.

*

Tarehe ishirini na nane Waziri alitangaza ushindi. Nchi nzima, alisema, watu wote wazima kwa watoto, siku tatu, na kosa lililoripotiwa ni moja tu. Moja! Mataifa mengine yakaomba kuja kujifunza.

Kosa lenyewe lilifikishwa mahakamani mwezi wa pili. Desderi alikuwa bado wodini, figo zinamsumbua, lakini alikuwa hai. Mama yake alisimama kizimbani na gauni lake la Krismasi. Shahidi wa serikali nilikuwa mimi, kwa sababu Afande Mponzi alihamishiwa Chumvini.

Siku moja kabla, wakili wa serikali alinitembelea nyumbani. Mtu mstaarabu. Alinisifia daftari langu, akasema nafasi ya katibu kata iko wazi na wanatafuta mtu mtiifu mwenye mwandiko mzuri.

Hakimu naye alikuwa mtu wa haki, kila mtu anasema. Alivua miwani akanieleza polepole, kama mwalimu.

"Shahidi, sheria inakataza kupakua. Kinachopakuliwa ni chakula au ni mzigo. Mtu hapakuliwi, mtu hushuka au hubebwa. Kama mshtakiwa alimtoa mtu kwenye lori lile, hana kosa, na anakwenda nyumbani kwake sasa hivi. Lakini hapo nitalazimika kuiuliza serikali kwa nini watu walifungiwa ndani ya bati siku nzima na usiku kucha. Kama alitoa mzigo, ana kosa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mheshimiwa."

"Alitoa nini?"

"Mheshimiwa, kwenye hati iliandikwa shehena."

"Sikuulizi hati. Nakuuliza macho yako."

Mke wangu alikuwa amekaa benchi la nyuma, mtandio umemfunika mdomo. Wakili wa serikali alikuwa anachonga penseli.

"Ulikuwa mzigo, Mheshimiwa," nikasema.

Hakimu akavaa miwani, akaandika. Alipomuuliza mshtakiwa kama ana swali kwa shahidi, nilidhani atanilaani, na nilikuwa nimejiandaa kwa laana. Hakunilaani. Aliniangalia tu.

"Baba Koku," akasema, "mzigo huo ulikuwa unaitwa nani?"

Wakili wa serikali akaruka akapinga, swali halihusiani na shauri. Hakimu akafikiri, akakubali, akaniambia silazimiki kujibu. Mama Desderi akapewa miezi sita, na mimi nikamshukuru sana yule wakili, maana jina nilikuwa nalijua.